Kabla hujakisifia kiti, kipindue kwanza

Kiti kiko miguu juu mezani kwangu wiki ya pili sasa na mke wangu ameshachoka kuuliza kitashuka lini, tunakulia kwenye kochi kama wageni. Nilikipata mnadani, mnada mdogo tu huku Uingereza ninakoishi, ile minada wanayouza kila kitu kuanzia saa za ukutani mpaka sanduku la vijiko vya marehemu, na kwenye katalogi waliandika Chippendale (yule fundi maarufu wa fanicha wa Kiingereza), mahogani, karne ya 18. Pauni 140. Nikanyoosha mkono fasta kabla mwingine hajashtuka, maana kiti cha Chippendale cha kweli hukipati kwa pauni 140 hata uombe dua, na hapo ndo akili ilitakiwa iniambie kitu ila akili yangu siku ya mnada huwa inabaki nyumbani.

Jumamosi nikakibeba mpaka darasani. Kuna kozi ya kukarabati fanicha za zamani naenda wikiendi, anayetufundisha ni mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi kwenye kazi hii. Nilijua ataanza na mgongo wa kiti maana ndo wenye urembo wote, ule ubao wa katikati umetobolewa na kusokotwa kama utepe, unaweza kukaa unautazama nusu saa. Wala hakuugusa. Alikikamata mguu, akakipindua, akavaa miwani, akachungulia kidogo, akasema, "Kiti kizuri hiki. Bibi yangu angeweza kukinunua kikiwa kipya."

Darasa zima kicheko, mimi nikacheka kwa shida.

Basi akaanza kunionyesha moja moja. Skrubu zilizoshika vile vipande vya pembeni ndani ya fremu zilikuwa na ncha kali, na skrubu za ncha zimeenea kuanzia katikati ya karne ya 19, kabla ya hapo skrubu ilikuwa butu mwishoni na ule mfereji wa bisibisi ulikatwa kwa mkono, kwa hiyo mara nyingi umekaa upande, hauko katikati ya kichwa. Ubavu wa ndani wa fremu ulikuwa na mikwaruzo iliyopinda kama upinde, hiyo ni alama ya msumeno wa duara wa mashine, kwa sababu ubao uliopasuliwa na watu wawili kwa msumeno mrefu, mmoja juu mmoja shimoni anakula vumbi, unaacha mistari iliyonyooka. Halafu akashika kiungo kimoja kilichokuwa kinacheza, akakivuta taratibu, kikatoka na vijiti viwili vya duara, wakati fundi wa karne ya 18 pale angechonga ulimi wa bapa na kuusukuma kwenye tundu lake. Kwa kifupi kiti changu kilizaliwa kama miaka 120 baada ya Chippendale mwenyewe kuzikwa.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa ajabu. Nikialikwa kwa watu nadondosha funguo makusudi ili niiname nichungulie chini ya meza. Na nilichogundua ni kwamba hii historia ya fanicha za Kiingereza huwa tunasimuliwa kutokea juu, majina ya wafalme na majina ya wenye vitabu, enzi ya fulani staili ya fulani, lakini ukiisoma kutokea chini, kule ambako fundi hakutegemea mgeni atafika, unakuta habari nyingine kabisa.

Tuanze na mwaloni. Zama za akina Henry VIII na Elizabeth wa kwanza, karne ya 16, nyumba nyingi za Uingereza hazikuwa na viti, zilikuwa na mabenchi, stuli na masanduku ambayo unaweka nguo ndani halafu unakaa juu yake. Kiti chenye mgongo na mikono kilikuwa cha baba mwenye nyumba, wengine mtajijua. Sisi kwenye Kiswahili tunasema mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti wa kikao, wala hatufikirii, ila kwa Mwingereza wa wakati ule maana yake ingekuwa hiyo hiyo ilivyo, yaani nyumba nzima mwenye kiti ni mmoja.

Na hivyo viti vya mwaloni ukivipindua ndo utawapenda wale mafundi. Walikuwa wanafanya kazi na mti mbichi, gogo linapasuliwa kwa kabari likifuata nyuzi zake lenyewe, kwa hiyo ubao unakuwa na nguvu kuliko uliokatwa na msumeno. Kisha viungo: ulimi unaingia kwenye tundu, halafu kijiti cha mti kinapigwa kupita vyote viwili. Ujanja uko hapa. Tundu la kijiti kwenye ulimi halitobolewi sawa sawa na lile la nje, linasogezwa kidogo sana kuelekea mabega ya ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia, kama unene wa sarafu hivi. Sasa kijiti kikipigwa nyundo kinalazimika kujipinda katikati, na kwa kujipinda kinauvuta ulimi ndani mpaka mabega yanabanana. Hakuna gundi, hakuna msumari. Nilijaribu darasani kwenye vipande viwili vya mabaki na nilipopiga kijiti niliona mwanya unafunga wenyewe mbele ya macho yangu, aisee nilipiga kelele kama mtoto. Cha kwanza kilipasuka, nilisogeza tundu kupita kiasi, lakini cha pili kimeshika mpaka leo nakitumia kuzuia mlango.

Ukipitisha kidole kwenye kiti cha zamani cha namna hiyo utasikia vichwa vya vijiti vimejitokeza kidogo, sababu mbao zimesinyaa kwa upana kwa miaka 400 ila kijiti hakisinyai kwa urefu. Mtu anayetengeneza feki akisahau hilo kidole kitamwumbua.

Wakati ule London ilikuwa na vyama vya mafundi na vilikuwa vinagombana kweli kweli, maseremala wa kawaida kwa upande mmoja na wale mafundi wa kuunga kwa ulimi na tundu upande mwingine, nani anaruhusiwa kutengeneza nini. Ikabidi wakubwa wa jiji waamue mwaka 1632: kazi ya ulimi na tundu, kazi ya gundi, na yale maungio ya meno yanayotanuka kama mkia wa njiwa, hizo za mafundi wa kuunga, na maseremala wabaki na vitu vya mbao na misumari. Yaani ugomvi wa riziki tu, ila kwa sababu hiyo unaweza kuangalia sanduku la mwaloni na kujua lilitoka upande upi wa ugomvi.

Kama uko London au unapita, nenda jumba la makumbusho la Victoria and Albert (V&A) uone kitanda cha Ware. Kimetengenezwa kama 1590 hivi, upana unazidi mita 3, kiliwekwa kwenye nyumba ya wageni mji wa Ware kama kivutio cha wateja na kikavuma hadi Shakespeare akakitaja kwenye igizo lake. Watu wanakisifia kwa ukubwa. Mimi nilichokipenda ni kwamba wageni waliolala pale wamechonga herufi za majina yao kwenye nguzo na wengine wakabandika mihuri ya nta, miaka na miaka. Walevi wa nyumba ya wageni wameacha majina. Fundi aliyekitengeneza hajaacha.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda kasi. Mwaka 1660 mfalme Charles II akarudi kutoka uhamishoni akiwa na ladha za Ulaya bara, mwaka 1666 London ikaungua kwa moto mkubwa na kila mtu akawa anahitaji fanicha mpya, meli za kampuni ya India Mashariki zikaleta henzirani na ghafla viti vikawa vyepesi, vimesukwa, hewa inapita mgongoni. Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa akafuta haki za Waprotestanti wake, maelfu wakakimbilia Uingereza na kati yao mafundi wa hali ya juu. Mwaloni ukaonekana ushamba. Sasa ni mjozi, mti unaozaa zile jozi za kula, na ni kazi ya vinia, yaani unakata mjozi mwembamba wenye michoro mizuri, unaubandika juu ya mti wa bei rahisi. Vinia ya msumeno wa mkono ni nene, inakaribia milimita 2, ukiona nyembamba kama karatasi jua ni mashine.

Hapo hapo ndo ukaja mguu wa Queen Anne, ule uliopinda kama goti la mnyama halafu unateremka kwenye kifundo chembamba, na baadaye ukawekewa kucha zimeshika mpira. Malkia alitawala 1702 hadi 1714 lakini staili yenye jina lake ilidumu kupita yeye. Kwangu mimi hiki ndo kiti kizuri kuliko vyote walivyowahi kutengeneza Waingereza, hakina nakshi nyingi, mgongo wake umekunjwa kufuata uti wa mgongo wa mtu, ni mistari tu. Wengine hawatakubali, sawa.

Mjozi ukapata mikosi. Baridi kali ya mwaka 1709 iliua miti mingi Ulaya, na mwaka 1720 Ufaransa ikapiga marufuku kuuza mjozi nje. Mwaka uliofuata, 1721, bunge la Uingereza likaondoa ushuru wa mbao zinazotoka makoloni yake ya Amerika na visiwa vya Karibiani. Sheria yenyewe ilihusu zaidi mahitaji ya meli za jeshi. Lakini mlango ulipofunguka mahogani ikaingia.

Na hapa lazima nikae kidogo maana vitabu vya picha huwa vinaparuka hapa kama havijaona. Mahogani ilikuwa ndoto ya fundi: ubao mpana wa kutosha meza kwa kipande kimoja, haupindi, wadudu hawaupendi, na unachongeka kwa patasi kama unakata jibini. Ule mgongo wa kiti uliotobolewa kama utepe ungekuwa wa wasiwasi zaidi kwenye mjozi, ungevunjika kirahisi. Staili tunayoiita ya Chippendale imestawi kwa sababu ya mti huu. Ila mti ulikatwa na nani? Jamaica kwanza, baadaye Cuba na ghuba ya Honduras, sehemu ambayo leo ni Belize, na waliokata walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Kule Honduras kila kundi lilikuwa na mtafutaji wake, mtumwa mwenye jicho kali, kazi yake kupanda juu ya mti mrefu kuliko yote na kuangaza msitu kutafuta majani ya mahogani ambayo ikifika Agosti hubadilika rangi kuwa mekundu mekundu. Kwa sababu mahogani haioti kwa pamoja, mmoja uko hapa mwingine uko kule mbali. Akishaiona anashuka, anaongoza wenzake moja kwa moja bila ramani. Magogo yalivutwa na ng'ombe usiku kwa mwanga wa mienge kwa sababu mchana joto lingewaua wanyama. Wanyama ndo walihurumiwa.

Kampuni ya fanicha ya Gillow ilikulia kwenye biashara hiyo hiyo, Robert Gillow alianza Lancaster miaka ya 1730 hivi, na Lancaster ilikuwa bandari iliyojaa biashara ya Karibiani, ya bidhaa na ya watu. Walileta mahogani kutoka kule na wakapeleka fanicha kule, meli haikurudi tupu. Fanicha zao ni bora, sitasema uongo, droo ya Gillow ukiivuta inateleza kama imepakwa sabuni. Na ni kati ya wachache wa zamani waliogonga muhuri wa jina la kampuni kwenye kazi zao. Lakini kilichonivutia zaidi ni daftari zao, zimehifadhiwa kuanzia 1784, kila kitu kimechorwa, mbao kiasi gani, skrubu ngapi, siku ngapi za kazi, na mara nyingi jina la fundi aliyekitengeneza na alicholipwa. Ni mara chache sana katika historia hii yote unapata jina la mwenye mikono. Ya waliokata mti hayapo kwenye daftari.

Sasa Chippendale mwenyewe, mzee wa pauni zangu 140. Alizaliwa Otley, Yorkshire, mwaka 1718, ukoo wa maseremala. Akahamia London na mwaka 1754 akafanya mambo mawili, alifungua karakana St Martin's Lane na akachapisha kitabu kikubwa cha michoro ya fanicha, kurasa 160 za michoro, viti vya Kigothi, viti vya Kichina, makabati ya mtindo wa Kifaransa. Hakuna fundi Mwingereza aliyewahi kutoa kitabu cha ukubwa ule. Watu zaidi ya 300 walilipia kabla hakijatoka, mabwana wakubwa na mafundi wenzake. Hiyo ya mafundi ndo ya kuifikiria: alikuwa anawauzia washindani wake michoro. Kwa hiyo fundi wa mji wowote Uingereza, na hadi makoloni ya Amerika, aliweza kufungua ukurasa akaanza kazi. Ndo maana "Chippendale" leo maana yake ni mchoro, na vitu vilivyotoka kweli karakana yake ni vichache, na yeye hakuwa anagonga muhuri. Wataalamu wanavitambua kwa ankara za zamani zilizobaki kwenye majumba ya matajiri, kama Nostell na Harewood huko Yorkshire na Dumfries House kule Uskoti. Bila karatasi hata wao wanasita kukuthibitishia.

Mwaka 1755, mwaka mmoja tu baada ya kufungua, karakana iliungua moto. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba masanduku ya vifaa ya mafundi 22 yaliteketea. Nilisoma hiyo nikaisoma tena. Fundi wa wakati ule alinunua vifaa vyake mwenyewe, randa, patasi, misumeno, alivikusanya kimoja kimoja toka akiwa mwanafunzi, sanduku lile ndo maisha yake. Watu 22, na majina yao hayatajwi, ila sasa angalau tunajua kwamba ile michoro mizuri kuna watu kama hao waliokuwa wanaigeuza kuwa kiti.

Harewood ndo walimpa kazi kubwa kuliko zote, bili ilipita pauni 10,000, pesa ya kutisha kwa wakati ule. Kabati moja la droo la 1773 lenye nakshi za vipande vya mbao za rangi rangi aliliandikia pauni 86. Mwenye nyumba alikuwa Edwin Lascelles, na utajiri wa akina Lascelles ulitokana na sukari na watumwa wa Karibiani. Kwa hiyo mbao na pesa ya kulipia mbao vyote vimepita njia moja. Na pamoja na utajiri wao hao mabwana walikuwa wagumu kulipa, barua za Chippendale kwa yule wa Nostell zimejaa maombi, naomba chochote mheshimiwa, nina watu wa kuwalipa. Alikufa 1779 kwa kifua kikuu, hakuwa tajiri, na mwanawe aliyeirithi karakana alifilisika 1804. Fundi yeyote anayesoma hapa atakuwa anatikisa kichwa tu, mteja mkubwa na advansi ndogo.

Wawili waliofuata nitawapitia haraka. George Hepplewhite, yule wa viti vya mgongo wa umbo la ngao, alikufa 1786, kitabu kilichompa jina kilitolewa 1788 na mjane wake Alice, na hakuna hata kiti kimoja duniani kinachothibitishwa kuwa ni cha mikono yake. Thomas Sheraton, yule wa miguu myembamba iliyonyooka, alizaliwa Stockton-on-Tees 1751, akaja London akatoa kitabu cha michoro kuanzia 1791, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuwa na karakana yake huko. Alikuwa anachora, anafundisha kuchora, anahubiri kanisani. Akafa maskini 1806. Sasa nenda dukani useme unataka "Sheraton" uone bei watakayokutajia.

Ninachotaka kukisimulia kwa raha ni kiti cha Windsor, kwa sababu hiki hakina mfalme wala mwandishi. Ni kiti cha jikoni, cha baa, cha bustanini. Kiti cha kawaida mguu wa nyuma unapanda kuwa mgongo, ni mti mmoja. Kwenye Windsor hapana, kikalio ndo mama wa kila kitu, ubao mnene mmoja, miguu inachomekwa kutokea chini na vijiti vya mgongo vinachomekwa kutokea juu, vyote kwenye matundu ya duara. Ukikielewa hicho umekielewa kiti kizima.

Kila sehemu na mti wake. Kikalio ni elmi, kwa sababu nyuzi zake zimesukanasukana na haupasuki hata ukiutoboa karibu na ukingo. Miguu ni mti uitwao bichi (beech), unakerezeka vizuri. Ule upinde wa mgongo ni ashi au mti mwingine unaokubali kukunjwa ukishachemshwa au kupigwa mvuke. Kitovu cha kazi hii kilikuwa High Wycombe, kuna vilima vimejaa misitu ya bichi, na ndani ya misitu waliishi wakereza miguu. Wananunua miti ikiwa imesimama, wanaiangusha, wanajenga kibanda pale pale, na keezo lao ni la ajabu: mti mchanga unaonesa juu, kamba imefungwa kwenye ncha yake, inazungushwa kwenye kipande cha kazi, inateremka mpaka kwenye kanyagio. Ukikanyaga kazi inazunguka kwako, unakata, ukiachia ule mti unaivuta kamba inarudi. Kata, achia, kata, achia, siku nzima. Walitengeneza miguu tu na vile vijiti vya kuunganisha miguu, wanauza kwa groso kwenye viwanda vya mjini, wengi hawakuwahi kuunga kiti kizima. Wa mwisho wao walikuwepo mpaka miaka ya 1950.

Mjini kulikuwa na mtu kazi yake ni kikalio tu. Anauweka ubao chini, anaukanyaga kwa miguu yake yote miwili, na anachimba bonde la makalio kwa tezo, tezo kali inapita katikati ya miguu yake. Nilishika tezo ya namna hiyo darasani na nikaambiwa nijaribu, nikasema mimi nina familia.

Kufikia miaka ya 1870 Wycombe ilikuwa inatoa viti maelfu kwa siku, na mwaka 1877 malkia Victoria alipopita walimjengea tao la viti vitupu katikati ya mji, viti vimepandana juu ya barabara. Hilo ndo tao ningependa kuliona.

Karne hiyo ya 19 kwa vingine vyote sina hamu nayo sana. Mashine zilikuja, mapambo yakawa rahisi kwa hiyo yakawekwa kila mahali, kila staili ya zamani ikarudiwa, na ndo kwenye mkia wa wimbi hilo kiti changu kikazaliwa. William Morris na wenzake walianzisha kampuni 1861 wakisema turudi kwenye kazi ya mikono na heshima ya fundi. Maneno mazuri, ila vitu vingi vilivyotoka kwenye harakati ile vilikuwa ghali hadi walionunua wakawa matajiri wale wale. Ninayemheshimu zaidi ni Ernest Gimson, msomi, mtoto wa watu wenye uwezo, ambaye mwaka 1890 alienda kijiji cha Bosbury kukaa na mzee Philip Clissett, mtengeneza viti wa kijijini aliyekuwa ameshapita miaka 70, akajifunza kukereza na kuunga kwa kumtazama. Hakwenda kwa mwenye kitabu.

Halafu vita kuu ya pili, mbao hakuna, nyumba zimebomolewa kwa mabomu, serikali ikaamua kuanzia 1942 fanicha mpya zitengenezwe kwa michoro iliyoidhinishwa tu na wanaoruhusiwa kununua ni maharusi wapya na waliobomolewa nyumba. Hakuna nakshi, ni ulimi na tundu na mbao za kutosha basi. Mpango huo uliendelea mpaka 1952. Wengi walivichukia wakati ule. Ukikuta kabati lenye alama ya CC41, zile C mbili zinazofanana na jibini iliyokatwa, usilitupe, lipindue uone viungo, ni safi kuliko vingi vinavyouzwa leo. Na mwaka 1944 serikali ikaagiza Windsor 100,000 za bei nafuu kutoka kampuni ya Ercol, wakati ule ilikuwa hapo hapo High Wycombe, mwenyewe alikuwa Lucian Ercolani aliyezaliwa Italia. Kile kiti cha jikoni kisicho na mfalme kikaingia kiwandani bila kupoteza kitu, kikalio bado elmi, miguu bado inachomekwa kutokea chini.

Turudi mezani. Viungo vyote vya kiti changu nimeshavifungua. Gundi iliyotumika ni ile ya ngozi na mifupa ya wanyama, na uzuri wake ni kwamba haikugomei milele, nilitia maji ya moto na sindano, nikasubiri, nikatingisha, kikaachia bila kupasua mti. Ingekuwa gundi ya kisasa ningekuwa nakata kwa msumeno. Nimenunua hiyo hiyo ya zamani, inakuja kama punje za kahawia, unaloweka usiku, unaipasha taratibu bila kuichemsha, inanuka kama zizi, na ndo sababu ya pili ya mke wangu kununa.

Jana usiku nilipokuwa nasafisha matundu nikaona kwenye mguu mmoja wa nyuma, sehemu inayofichwa na fremu, kuna maandishi ya penseli. Nikaleta taa ya simu. Nilitegemea jina, nakubali. Ilikuwa herufi moja tu, L, na mshale mdogo unaoelekea chini. L ya "left", yaani mguu wa kushoto, na upande huu ndo wa chini, fundi alijiandikia asije akachanganya wakati wa kuunga, na mimi nilikuwa nimeshaupanga kulia. Nimeubadilisha. Gundi imeshapakwa, klempu nne zimebana, naambiwa niziache mpaka kesho jioni.